Kilimia Huonekana Lini? Somo la Kukokotoa Majira ya Nyota

Utangulizi

Karibu kila mwenyeji wa pwani, na wengi wa bara, amewahi kuoneshwa kundi dogo la nyota zilizosongamana liitwalo Kilimia. Jina hilo linatokana na kitenzi kulima. Wazulu huliita isiLimela na Wasotho huliita Selemela, na mzizi wa majina hayo ni huo huo wa kulima. Waarabu huliita Thuraya. Katika vitabu vya falaki huandikwa M45, kwa sababu Charles Messier, mwanafalaki wa Ufaransa, aliliweka la 45, tena la mwisho, katika orodha ya kwanza aliyoichapisha mwaka 1774.

Wanaolijua jina ni wengi, lakini wawezao kusema ni siku gani na saa ngapi kundi hilo litachomoza mahali walipo ni wachache. Katika makala haya nakusudia kumwonesha msomaji kwamba jambo hilo halihitaji darubini wala mtambo wowote. Linahitaji kalenda, saa, penseli, na hesabu ya kidato cha nne. Tukishajua namna ya kukokotoa, tutauliza swali jingine lililo kubwa zaidi: je, Kilimia kinaweza kumwambia mkulima habari za mvua?

Kilimia ni nini

Kilimia ni kishada cha nyota zaidi ya 1,000 zilizozaliwa pamoja katika wingu moja la gesi na vumbi, na umri wake ni kiasi cha miaka milioni 100. Kwa umri wa nyota, huo ni utoto. Jua letu lina umri wa miaka milioni 4,600 hivi. Macho matupu huona nyota sita, na mwenye macho makali penye giza nene huona zaidi. Mwaka 1610 Galileo alichapisha mchoro wa Kilimia wenye nyota 36 alizoziona kwa darubini yake ndogo.

Umbali wa Kilimia ni kiasi cha miaka 440 ya nuru. Maana yake ni kwamba nuru tunayoiona usiku huu iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593.

Kosa la saa tatu

Somo hili nilijifunza kwa aibu. Niliporejea kutoka masomoni ng'ambo nilikuwa na duara la nyota, yaani vipande viwili vya karatasi ngumu ambavyo mtu huvizungusha mpaka tarehe na saa vikutane, akaona nyota zipi ziko juu. Jioni ya tarehe 21 Septemba niliwakusanya wanafunzi wangu ufukoni Dar es Salaam. Duara lilisema Kilimia kitachomoza saa 1 na dakika 28 usiku. Tukakaa, nyuso zetu tumezielekeza baharini.

Saa 2 ikapita, hatukuona kitu. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza wavu wake kwa taa ya chemli, alitutazama kwa muda. Nikamwamkia:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mwangoja nini?"

"Twangoja Kilimia."

"Kilimia? Nendeni mkale kwanza. Majira haya hakitoki baharini mpaka watu wamekwisha sali isha na kulala."

Ikawa kama alivyosema. Saa 4 na nusu ilikuwa imekwisha pita ndipo mwanafunzi mmoja alipokiona kikitokeza kwenye ukungu wa upeo, kaskazini kidogo ya mashariki. Duara langu halikuwa bovu. Lilichapwa kwa ajili ya watu waishio latitudo ya nyuzi 52 kaskazini, nami nilikuwa nimesimama karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Msomaji ataona hivi punde kwamba kosa langu lilikuwa la saa 2 na dakika 55, na kwamba kila dakika ya kosa hilo ina sababu yake.

Kwa nini nyota huwahi kila siku

Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, na ndiyo sababu nyota huchomoza mashariki na kutua magharibi. Lakini wakati huo huo Dunia husafiri kulizunguka Jua, ikikamilisha nyuzi 360 katika siku 365 na robo. Kwa hiyo kila siku hupiga hatua ya karibu uzi mmoja. Ili Jua lirudi pale lilipokuwa jana, Dunia haina budi kujizungusha uzi mmoja zaidi, na uzi mmoja wa mzunguko huchukua dakika 4.

Saa zetu hufuata Jua. Nyota hazina habari na Jua. Zenyewe hurudi mahali pake baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Ni kwa sababu hiyo kila nyota huchomoza dakika 3 na sekunde 56 mapema kuliko jana yake. Katika mwezi mmoja huwahi kwa saa 2, na katika mwaka mmoja kwa saa 24, nayo huwa imerudi katika ratiba yake ya awali.

Anwani ya nyota

Kama ilivyo miji duniani, kila nyota ina latitudo na longitudo yake ya anga. Latitudo ya anga hupimwa kwa nyuzi kutoka kwenye mstari ulio juu ya Ikweta yetu. Longitudo ya anga hupimwa kwa saa na dakika, kwa kuwa anga lote hutupitia katika saa 24. Anwani ya Kilimia ni hii: longitudo ya anga saa 3 na dakika 48, latitudo ya anga nyuzi 24.2 kaskazini.

Sasa tunahitaji kujua anga limefikia saa ngapi. Saa hiyo tutaiita wakati wa nyota. Wakati wa nyota ukilingana na longitudo ya anga ya nyota fulani, nyota hiyo huwa imefika kileleni, yaani imefika juu kabisa katika safari yake ya usiku huo. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: usiku wa manane wa kuamkia tarehe 22 Septemba, wakati wa nyota ni karibu sifuri. Baada ya hapo huongezeka kwa dakika 3 na sekunde 56 kila usiku.

Hatua nne za kukokotoa

Hatua ya kwanza. Hesabu siku zilizopita tangu tarehe 22 Septemba, kisha zizidishe kwa dakika 3 na sekunde 56. Jibu ndilo wakati wa nyota usiku wa manane.

Hatua ya pili. Toa jibu hilo kutoka saa 3 na dakika 48. Ukipata namba chanya, Kilimia kitafika kileleni muda huo baada ya usiku wa manane. Ukipata hasi, kilifika kabla yake.

Hatua ya tatu. Sahihisha saa ya ukutani. Saa ya Afrika ya Mashariki imewekwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo iko mbali baharini. Dar es Salaam iko longitudo ya nyuzi 39.3, yaani pungufu ya nyuzi 5.7. Kila uzi ni dakika 4. Kwa hiyo Dar es Salaam mambo ya angani hutokea dakika 23 baadaye kuliko saa ya ukutani inavyodai. Ongeza dakika hizo.

Hatua ya nne. Tafuta nusu-safari, yaani muda ambao Kilimia hutumia kutoka upeo wa macho hadi kileleni. Kwa mtu aliye kusini ya Ikweta akitazama nyota ya kaskazini, kosaini ya nusu-safari ni sawa na tanjenti ya latitudo ya mahali mara tanjenti ya latitudo ya nyota. Kwa Dar es Salaam, iliyo nyuzi 6.8 kusini, tunapata 0.1192 mara 0.4494, yaani 0.0536. Hiyo ni kosaini ya nyuzi 86.9. Tukigawanya kwa 15, kwa kuwa anga husogea nyuzi 15 kila saa, nusu-safari inakuwa saa 5 na dakika 48. Ukiitoa kwenye saa ya kilele utapata saa ya kuchomoza. Ukiiongeza, utapata saa ya kutua.

Hebu tuupime usiku ule wa aibu yangu. Siku zilizopita ni sifuri, basi Kilimia hufika kileleni saa 3 na dakika 48 baada ya usiku wa manane, yaani saa 9 na dakika 48. Tukiongeza dakika 23 tunapata saa 10 na dakika 11 alfajiri. Tukitoa saa 5 na dakika 48, kuchomoza ni saa 4 na dakika 23 usiku, na mvuvi amethibitika. Kwa latitudo ya nyuzi 52 kaskazini nusu-safari ni saa 8 na dakika 20, ndefu kuliko yetu kwa saa 2 na dakika 32. Ongeza dakika 23 za saa ya ukutani, ambazo duara lilikuwa halizijui, upate saa 2 na dakika 55. Hesabu imefungwa.

Mfano wa pili ni usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari. Siku ni 115. Wakati wa nyota usiku wa manane ni saa 7 na dakika 32. Kilimia kilifika kileleni saa 3 na dakika 44 kabla ya usiku wa manane, yaani saa 2 na dakika 16. Ukisahihisha, saa 2 na dakika 39 usiku. Kitatua saa 8 na dakika 27 usiku.

Msomaji wa mji mwingine atumie tarakimu hizi badala ya zile za Dar es Salaam:

Mombasa: ongeza dakika 21, nusu-safari saa 5 na dakika 53.
Nairobi: ongeza dakika 33, nusu-safari saa 5 na dakika 58.
Mbeya: ongeza dakika 46, nusu-safari saa 5 na dakika 44.
Mwanza: ongeza dakika 48, nusu-safari saa 5 na dakika 55.
Kigoma: ongeza dakika 61, nusu-safari saa 5 na dakika 51.

Kuwa juu ya upeo si kuonekana

Nyota inaweza kuwa juu ya upeo mchana kutwa isionekane na mtu. Kila mwaka, karibu tarehe 20 Mei, Jua hupita jirani na Kilimia, nacho huchomoza na kutua pamoja nalo. Kwetu sisi Kilimia hupotea katika mwanga wa jioni upande wa magharibi siku za mwisho za Aprili, na huonekana tena alfajiri upande wa mashariki katika wiki ya pili ya Juni. Siku arobaini hivi hakuna amwonaye.

Baada ya hapo kila majira yana saa zake. Juni na Julai ni nyota ya waamkao alfajiri. Karibu tarehe 19 Novemba hufika kileleni usiku wa manane, nacho huonekana usiku kucha. Februari na Machi ni nyota ya jioni inayoelekea magharibi.

Mambo mengine matatu huzuia kuonekana. La kwanza ni Mwezi, ambao hupita karibu na Kilimia kila baada ya siku 27, na pengine hufunika baadhi ya nyota zake. La pili ni mawingu. La tatu ni taa za mijini, na hizi ndizo zinazoongezeka mwaka hata mwaka. Nyota sita zikipungua kuwa tatu, lawama si ya Kilimia.

Kilimia na kalenda

Mkulima anahitaji kalenda inayokwenda na majira ya Jua. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hutangulia majira kwa siku 11 hivi. Ni kalenda njema ya ibada, lakini haikukusudiwa kupanga shamba. Hesabu ya kale ya Nairuzi, yenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, ina siku 365 kamili. Nayo, isipoongezewa siku, huteleza siku moja kila miaka minne.

Kilimia je? Mhimili wa Dunia huyumba polepole kama wa pia inayozunguka, ukikamilisha mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi. Kwa sababu hiyo tarehe za Kilimia husogea mbele siku moja katika kila miaka 71. Mtu aliyefundishwa na babu yake hakuna kosa atakaloliona katika umri wake wote. Kabla ya kalenda za kuchapwa, mkulima asiyejua kusoma alikuwa na kalenda sahihi kuliko hizo mbili, imetundikwa juu ya paa lake.

Hesabu yetu inaweza kuisoma kalenda hiyo. Dar es Salaam, Kilimia kikichomoza saa 3 usiku, ni karibu tarehe 13 Oktoba. Vuli inakaribia, na shamba lisilofyekwa limechelewa. Kikiwa kileleni saa 2 usiku, ni karibu tarehe 24 Januari. Kikitua saa 3 usiku, ni karibu tarehe 8 Aprili, na masika yamekwisha ingia.

Kilimia na mvua

Hapa ndipo panapohitajika uangalifu. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nusu ya pili ya usemi huo ni maelezo sahihi ya mwaka wa kawaida katika pwani yetu: huzama mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, na huzuka Juni wakati wa kipupwe. Nusu ya kwanza inadai zaidi. Inaahidi kwamba jua la Aprili litalipwa kwa mvua ya Juni. Ahadi hiyo nyota haziwezi kuitimiza.

Ushahidi ni huu. Mwezi Novemba 1997 Kilimia kilichomoza Dar es Salaam mara tu baada ya Jua kutua. Mwezi Novemba 2022 kilichomoza wakati ule ule, kwa tofauti isiyofika dakika 4. Lakini vuli ya 1997 ilileta mvua kubwa kupita kiasi na mafuriko katika Afrika ya Mashariki, na vuli ya 2022 ilikuwa ya ukame. Maji ya Mto Ruvu yalipungua hata jiji la Dar es Salaam likapewa maji kwa mgao. Saa ya nyota ilikuwa moja, mvua zikawa mbili tofauti kabisa. Tofauti hiyo ilitoka baharini: mwaka 1997 joto la maji ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi lilikuwa na mpangilio ulioleta mvua kwetu, na mwaka 2022 mpangilio ulikuwa kinyume.

Basi Kilimia kinatuambia kwa uhakika ni lini mvua huzoeleka kuja. Hakituambii kama mwaka huu zitakuja. Mwenye kuchanganya mambo hayo mawili anaweza kuitupa mbegu yake ya mwisho katika udongo mkavu, kisha akailaumu nyota. Afyeke na kulima kwa tarehe ya Kilimia; kupanda asubiri udongo ulowe, na asikilize utabiri wa hali ya hewa.

Mazoezi

1. Kokotoa saa ya Kilimia kufika kileleni, kuchomoza na kutua mjini Mwanza katika usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba. (Jibu: kileleni saa 5 na dakika 14 usiku, kuchomoza saa 11 na dakika 19 jioni, kutua saa 11 na dakika 9 alfajiri.) Eleza kwa nini hakitaonekana kikichomoza.

2. Dar es Salaam, Kilimia kikiwa kileleni huwa nyuzi 59 juu ya upeo wa kaskazini. Nyosha mkono na ukunje ngumi. Upana wake ni kiasi cha nyuzi 10. Pima urefu huo kwa ngumi kutoka upeo, uone kama utapata ngumi sita kasoro kidogo.

3. Hesabu nyota za Kilimia mjini, kisha kijijini, katika usiku usio na Mwezi. Andika tofauti.

4. Kila mwezi Juni andika tarehe uliyokiona Kilimia kwa mara ya kwanza alfajiri. Kando yake andika tarehe mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha. Fanya hivyo miaka mitano. Safu ya kwanza itabadilika kwa siku chache tu, na hizo kwa sababu ya mawingu. Safu ya pili itakufundisha lililobaki.

Mvuvi yule wa ufukoni hakuwa na jedwali la tanjenti, lakini alikuwa na safu ya kwanza kichwani mwake, imeandikwa kwa usiku mwingi wa kukesha. Anayetaka kuihifadhi elimu yake aipime, aiandike, na aseme wazi inapofikia mpaka wake. Anga la kufanyia kazi hiyo liko tayari usiku wowote usio na mawingu.